Simba Waligoma Machi 8 Mkawaelewa. Sisi Mbona Mnatuita Waoga?



Kuna maneno yanarudiwa sana kwenye magrupu yetu ya hapa Mpanda, na leo nataka tuyamalize. Eti vijana wa Katavi wamelewa Simba na Yanga. Eti nchi inaliwa wao wanabishana offside. Wengine wanafika mbali zaidi, wanasema chama dola kinaupenda mpira kwa sababu mpira ni dawa ya usingizi, kwa hiyo kamanda wa kweli aachane nao. Anayeandika hivyo mara nyingi ana jezi kabatini, na siku ya dabi simu yake haipokelewi mpaka filimbi ya mwisho. Unafiki wake tuuache. Hoja yenyewe ni mbovu, na inatupotezea watu.

Mimi ni Mwananchi, Yanga damu tangu utoto. Kwa hiyo ninayotaka kuyasema kuhusu Simba yananiuma kuyasema, ila ni haki yao.

Turudi Machi 2025. Jioni ya tarehe 7 Simba walikwenda Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, wakasema wamezuiwa kuingia. Kanuni za ligi zinampa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi kabla ya siku ya mchezo. Wakatoa taarifa: hatuchezi. Tarehe 8, siku ya mechi yenyewe, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Sisi tukapeleka timu uwanjani, tukasubiri, tukarudi nyumbani.

Sasa mfikirie mtu aliyetoka Mpanda. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara. Unapita Inyonga, unapita Ipole na Sikonge, unaitafuta Tabora, na bado hujafika hata nusu ya safari. Mtu kauza gunia la mpunga wa Mwamkulu, kanunua jezi mpya, kalala kwenye basi, anafika mjini anaambiwa mechi hamna. Nauli hakuna aliyemrudishia. Siku alizopoteza ndiyo hivyo tena.

Wiki ile nilikaa vijiweni sana. Majengo, Makanyagio, Kashaulili, kote habari ni moja. Na nilichosikia hakikuwa usingizi hata kidogo. Nilimsikia dereva wa bodaboda akimfafanulia mwenzake tofauti ya mamlaka ya Bodi ya Ligi na mamlaka ya TFF, kitu ambacho madiwani wetu wengi hawawezi kukifafanua kuhusu halmashauri na mkuu wa wilaya. Watu wa Simba walisema ukikubali kuvunjiwa kanuni ndogo leo, kesho utavunjiwa kubwa. Sisi wa Yanga tukajibu kwamba kanuni haimpi mgeni ruhusa ya kugomea mechi, inampa ruhusa ya kulalamika. Tuliwaita waoga, tuliwaita kila jina, na tuliyataja majina hayo kwa sauti. Lakini angalieni kitu kimoja: hakuna upande uliosema kanuni hazina maana, chezeni tu, yaishe. Ubishi wote ulikuwa juu ya kanuni inasemaje na nani kaivunja.

Halafu ikafuata nini? Miezi mitatu ya presha. Mashabiki hawakunyamaza, redio za michezo hazikunyamaza, klabu nazo zikakomaa kila moja kwa msimamo wake. Mwezi Juni mwenyekiti wa Bodi ya Ligi akaachia ngazi. Waamuzi wakaletwa kutoka nje ya nchi. Tarehe 25 Juni mechi ikachezwa. (Tukawafunga mbili bila na ubingwa tukachukua. Hilo nitalitaja hata kama linaharibu makala yangu.)

Yaani kwa lugha yetu: kwanza mabadiliko, halafu mechi. Nchi nzima ililielewa hilo, na wenye jezi za kijani na mashati ya kijani nao walilielewa.

Sasa niambieni, mbona kijana yuleyule aliyeielewa Simba Machi akikutana na sisi anasema, "Nyie mngeingia tu uwanjani mpambane, mnaogopa nini?"

Mwulizeni polepole, bila matusi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulisimamiwa na nani? TAMISEMI, ofisi iliyo chini ya Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa CCM. Wagombea wetu walienguliwa kabla hata ya kupasha misuli moto. Fomu ina kasoro, ofisi imefungwa, mtendaji hayupo. Matokeo yakatangazwa, CCM zaidi ya asilimia 98. Hivi kwenye ligi gani duniani timu inashinda asilimia 98 ya mechi zake halafu mashabiki wanapiga makofi bila kumwangalia refa? Na Tume ya Taifa, wajumbe wake wanateuliwa na nani? Na huyo anayewateua aligombea au hakugombea?

Simba walizuiwa mazoezi ya jioni moja, wakagoma, tukakubali kwamba wana hoja. Sisi tumezuiwa mazoezi, tumefungiwa vyumba vya kubadilishia nguo, nahodha wetu Tundu Lissu kakamatwa Mbinga Aprili 9 na kufunguliwa kesi ya uhaini, na tarehe 12 Aprili Tume ikatangaza kwamba kwa kutosaini kanuni za maadili tumejitoa wenyewe. Eti tumejitoa wenyewe! No Reforms No Election ni maneno yaleyale ya Simba, tofauti ni kwamba Simba waliyaandika kwenye barua yenye nembo ya klabu.

Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu wenzangu wengi wanaukwepa ugumu huu. Kuna tofauti moja kubwa. Bila Simba hakuna dabi. Mapato ya mlangoni yanakufa, televisheni inabaki na skrini tupu, wadhamini wananuna. Kwa hiyo Bodi ilikuwa haina ujanja, lazima itafute tarehe nyingine. Oktoba 2025 haikuahirishwa kwa ajili yetu. Watawala walipiga hesabu kwamba uchaguzi bila sisi unachezeka, na bado vyama vidogo vya kujaza ratiba vilikuwepo.

Sasa jiulizeni ile nguvu ya Simba ilitoka wapi. Siyo kwenye barua. Barua hata sisi tunazo, tena zimeandikwa na mawakili. Nguvu ilitoka kwa yule jamaa wa Nsemulwa na yule dada muuza dagaa wa sokoni ambao mechi isipokuwepo wanalala na hasira. Mgomo una uzito kama una watu wanaoumia nao pamoja nawe. Na watu haohao ndio sisi tunawaita walevi wa mpira, taifa la wajinga. Unataka mtu akuelewe huku unamtukana?

Nendeni mkaangalie hao "walevi" wanavyojipanga safari. Mechi ikitangazwa Tabora, siku hiyohiyo kijiwe kinachagua mtu wa kushika hela. Jina linaandikwa kwenye daftari, nani kalipa elfu kumi, nani kalipa nusu, nani kaahidi mpaka auze mahindi. Coaster inatafutwa, dereva anabanwa bei mbele ya watu wote. Aliyeshika hela akirudi anasoma matumizi: mafuta, chakula cha dereva, faini ya trafiki, chenji imebaki hii. Akishindwa kueleza elfu tatu, safari ijayo hashiki hela, na hakuna kikao cha dharura kinachohitajika. Sasa linganisheni na matawi yetu mengi. Ni lini mara ya mwisho mmesomewa mapato na matumizi ya tawi mbele ya wanachama wote? Huko vijiweni wanafanya demokrasia ya kweli kila wiki mbili, tena kati ya watu ambao hawapendani.

Na wazee walilijua hili kabla yetu. Yanga imeanza 1935, Simba 1936, TANU ilikuja 1954. Pale Dar es Salaam wanaharakati wengi wa TANU walikuwa watu wa Yanga, na klabu ilikuwa mahali ambapo watu wanakutana, wanafahamiana na kuaminiana. Hakuna mzee wa TANU aliyewaambia vijana waache mpira kwanza ndipo waje wadai uhuru.

Hoja ya dawa ya usingizi inaanguka pia kwa sababu nyingine, na hii naomba kila kamanda aishike kichwani maana ndiyo mazungumzo ya kupeleka kijiweni. Mkoa wetu wa Katavi umekuwepo tangu 2012, na haujawahi kuwa na timu Ligi Kuu. Kwa hiyo mtu wa Mpanda akitaka kuiona timu yake kwa macho, lazima asafiri. Ana njia tatu za karibu. Ya kwanza Tabora, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Ya pili Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako Julai 25, 2021 tulikwenda kuangalia fainali ya Kombe la Shirikisho, na matokeo ya siku ile naomba tusiyaongelee. Ya tatu Mbeya, Uwanja wa Sokoine.

Viwanja vyote vitatu ni mali ya nani?

Ya CCM. Siyo ya manispaa, siyo ya serikali, ni ya chama. Ongezeni Kirumba ya Mwanza, Kambarage ya Shinyanga, Jamhuri ya Dodoma na ile ya Morogoro, Majimaji ya Songea, Samora ya Iringa, Sheikh Amri Abeid ya Arusha. Na kila mechi, sehemu ya mapato ya mlangoni inakatwa kwa ajili ya uwanja. Maana yake wewe kamanda wa Mpanda, mwenye kadi ya upinzani mfukoni, ukisafiri kuangalia mpira kokote kati ya njia zako tatu unakichangia chama ambacho kinakuengua. Unakichangia ukiwa umesimama juani, kwenye jukwaa lisilo na paa, na choo ambacho heri usikitaje.

Wenyewe wanajibu nini? Wanasema viwanja tulijenga, hati tunazo, kama mnataka jengeni vyenu. Jibu hilo linaonekana zito mpaka ukiuliza miaka. Vingi vilijengwa wakati wa chama kimoja. Tangu 1965 katiba ilisema chama ni kimoja, na mpaka Julai 1992 hapakuwa na kingine kisheria. Mkulima alipochangia alikuwa anachangia nchi, kwa sababu chama na nchi havikutenganishwa. Hapakuwa na mahali pa kusema mimi mchango wangu naupeleka kwingine. Wafanyakazi, wakulima, wanafunzi waliobeba mawe, wote hao walikuwa Watanzania kabla hawajawa kitu kingine. Vyama vingi viliporudi, CCM ikabaki na viwanja kama mtoto mkubwa anayebaki na nyumba ya marehemu baba huku wadogo zake wakiambiwa watafute viwanja vyao. Wanaosema walijenga wenyewe walete vitabu vya michango vya miaka ile tuvisome pamoja, tuone majina.

Na msidanganywe kwamba haiwezekani vinginevyo. Kaitaba ya Bukoba ni ya manispaa. Nyamagana ni ya Jiji la Mwanza. Mpira unachezwa humo na mbingu haijaanguka.

Kibaya zaidi, mwenye mali hata kuitunza haitunzi. Ni mara ngapi Bodi ya Ligi imevifungia viwanja vya mikoani kwa sababu nyasi zimekufa, timu inahamishwa mkoa mwingine, na shabiki aliyekuwa anatembea kwa mguu kwenda uwanjani anaanza kutafuta nauli? Mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilileta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa nyasi bandia, jambo jema kabisa, nasema bila kinyongo. Ulianzia majiji. Mpanda siyo jiji. Huku kwetu watoto wa Katumba na Mishamo wanacheza kwenye vumbi lilelile walilocheza baba zao walipokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972. Leo ni raia wenzetu, vyeti walipewa, wana vipaji vya kutisha, na sijawahi kumwona skauti yeyote akishuka kwenye treni kituo cha Katumba kuwaangalia. Reli yenyewe ya Kaliua mpaka hapa ililetwa na mkoloni kufuata madini ya risasi. Aliyekuja kufuata vipaji bado namsubiri.

Halafu kuna Goli la Mama. Mnakumbuka ilianza 2023, milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, ikapanda mpaka kumi, fainali ikafika ishirini. Ndege ya kwenda Algeria ilitolewa kwa ajili ya fainali yetu na USM Alger. Mimi nilishangilia, sitasema uongo. Rais kupenda mpira siyo kosa, na goli kulipwa siyo dhambi. Swali langu ni la mweka hazina wa kijiwe: hela hiyo imetoka fungu gani, na nani kaidhinisha? Chawa wakiulizwa swali hilo wanakwambia huna shukrani. Lakini kijiwe hakiulizi kuhusu shukrani, kinauliza kuhusu daftari. Jamaa akitoa mfukoni kwake mwenyewe, tunampigia makofi na anakaa kiti cha mbele kwenye Coaster. Akitoa kwenye mchango wetu wenyewe halafu akauita wake, huyo safari ijayo hashiki hela. Sheria hiyo kila mtu wa Makanyagio anaijua, hakuhitaji semina.

Ndiyo maana nasema msiwafundishe siasa mashabiki wa mpira kana kwamba hawana. Wanazo. Mpanda hii hii mwaka 2005, CHADEMA ilipopata majimbo matano tu nchi nzima, moja lilikuwa hili letu, likiitwa Mpanda Kati, na Said Arfi akaenda bungeni. Halikutoka kwenye vyuo vikuu, hatukuwa navyo. Lilitoka kwa watu wa sokoni, wa stesheni na wa vijiweni, haohao ambao leo tunawaandikia kwamba wamelala. Mwaka 2010 wakarudia. Waliolala hawarudii.

Juni 10, 2025 mahakama ilizuia shughuli za kisiasa za chama. Haya ninayoandika naandika kama shabiki na mpiga kura, na kuongea mpira bado siyo kosa la jinai, nadhani. Hatuna jukwaa, hatuna spika, hatuna bendera za kupandisha. Tuna kibanda umiza, benchi la bodaboda, na msimu mpya ambao hauko mbali. Basi tukakae huko, na tukae kama watu wanaopenda mpira kweli, siyo wamisionari wanaosubiri mapumziko ili wahubiri. Mtu akikulalamikia refa wa jana, msikilize mpaka mwisho. Akimaliza, mwulize refa wa Oktoba aliteuliwa na nani. Akikwambia Tabora nyasi mbovu, mwulize mwenye uwanja ni nani na mgao wa mlangoni unakwenda wapi. Akikujibu kwa hasira, vizuri. Akikataa kujibu, mnunulie chai, mechi ziko nyingi.

Ratiba ikitoka na Tabora ikiwemo, Coaster itapangwa kama kawaida na mimi nitakuwemo. Hela mpeni atakayechaguliwa, daftari lisomwe hadharani wakati wa kurudi, hata kama tumefungwa. Makolo mnakaribishwa, nauli ni ileile, ila mnakaa nyuma.